Ganuni Iliyougua Baridi ya Maskati

Naanza na mkwaruzo. Ufunguo mdogo wa chuma unazungushwa juu ya kijiti cha mti, kijiti kinalia kama bawaba iliyokosa mafuta, halafu uzi unapigwa mara tatu: ti, ti, ti. Kimya. Mkwaruzo tena. Ti, ti, ti. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku baada ya sala ya alasiri, ndani ya nyumba yetu ya Khuwair ya Kusini, mjini Maskati, msimu mzima wa joto, mwaka ule nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Kama sauti huwa na harufu, basi ile ilikuwa na harufu ya ubani uliochanganyika na vumbi linaloungua ndani ya kiyoyozi cha dirishani. Ndugu zangu walikuwa wakiziba masikio. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni na kitabu cha hesabu mapajani, kitabu nisichokisoma, nikisubiri ule mkwaruzo ukome. Haukukoma upesi. Ganuni ina nyuzi nyingi kuliko subira ya mtu wa kawaida. Ni sanduku bapa la mbao lililokatwa pembe moja, linalalia mapajani mwa mpigaji, na kila sauti moja ina nyuzi tatu ambazo lazima zikubaliane kama ndugu watatu wa mama mmoja. Ukishazipatanisha zote, umesharoa jasho. Zikigombana, umedhalilika mbele za watu.

Niseme mapema mimi ni nani, msomaji asije akadhani anasomewa hadithi na profesa. Shule niliiacha kabla haijaniacha, na sioni haya. Leo nna karakana mbili za viyoyozi mtaa wa Ghala, magari yaliyoandikwa jina langu ubavuni, na vijana wa mataifa manne wanaonisubiri asubuhi niwaambie waende wapi. Nyumba nyingi unazozipita ukiwa ndani ya gari lako, ukaona madirisha yamefungwa mwezi wa saba na watu ndani wanakunywa chai ya moto, baridi ile nimeitia mimi. Wapo mainjinia wenye vyeti vya Ulaya wanaonipigia simu kuniuliza kwa nini chumba fulani hakitulii. Nawaambia. Wananuna, halafu wanafanya nilivyosema. Elimu yangu ya hewa sikuipata kitabuni. Niliipata kwa ganuni, na kwa mtu aliyeitwa Shaame, na nimeamua kuiandika kwa sababu ya Mswidi mmoja.

Mswidi huyo amekodi nyumba Yiti, karibu na bahari. Ana piano. Kampuni mbili zilikuwa zimeshafika kwake na kushindwa, maana kila wiki piano ilikuwa inapotoka sauti, na kila fundi alimwambia tatizo ni la piano. Mimi nilisimama katikati ya chumba, nikanyoosha mkono hewani, nikamwambia, "Ugonjwa hauko huko. Umeiweka piano njia ya upepo wa kiyoyozi, na mlango wa baharini unaufungua kila jioni." Akanitazama kama aliyesalimiwa kwa jina lake nchi ya ugeni. Akanionesha picha ukutani, mzee wa ndevu za mashavuni, koti limefungwa mpaka kooni. Babu wa babu yake. Mzee yule, akasema, alizaliwa Ujerumani, mtoto wa mpiga tarumbeta wa mji mdogo, akapanda meli angali kijana kwenda Uswidi kupiga fidla kwa msimu mmoja tu wa baridi. Msimu mmoja ukazaa wa pili. Jumapili alipiga kinanda cha kanisa, katikati ya wiki aliwafundisha mabinti wa matajiri, siku za sherehe aliongoza bendi ya mji, na nyimbo alizotunga Waswidi walizipokea hata wakasahau kuwa aliyezitunga alikuwa mgeni. Lugha yao hakuwahi kuinyoosha. Walimcheka matamshi mpaka siku aliyokufa, na siku hiyo mji mzima ulimzika. Ila kilichomtesa zaidi ya lugha ni baridi. Kinanda kilichopatanishwa wakati wa jua kilishuka chote theluji ikianguka, wapiga filimbi walizificha filimbi zao ndani ya makoti zipate joto la kifua, na fidla zilipasuka mbao kwa kuwekwa karibu na jiko. Mjerumani yule alikula umri wake akipatanisha ala na hewa ya nchi ya watu. Niliposikia hivyo niliweka bisibisi chini. Nikamwambia, "Bwana, huyu mtu namjua. Wetu sisi alitoka Unguja."

Wetu alikuwa Ami Shaame. Kwa damu hakuwa ami yangu. Yeye na Baba walilala chumba kimoja walipokuwa vijana kule Unguja, wakagawana shuka na mkate, na kwetu sisi hiyo inatosha mtu kuitwa ami na watoto wote wa nyumba. Alizaliwa Kizimkazi, akajifunza ganuni mjini, na sifa zake zilifika Maskati kabla yake, zimebebwa na akina mama waliohama na nyimbo kichwani. Baba akamfanyia makaratasi. Akaja na sanduku moja la nguo, na ganuni imefungwa ndani ya kanga tatu kama mtoto mchanga. Alikuwa mrefu, mwembamba, Kiarabu chake kibovu hata mimi nilimcheka, na alitembea pole pole kama mtu aliyebeba maji. Watu wetu wa Maskati, waliotoka Unguja, wakati huo walikuwa na kiu ya taarabu. Wazee waliokuwa maofisini na madukani walizungumza Kiarabu mchana kutwa, wakirudi nyumbani wanavua viatu na kuanza Kiswahili. Ami Shaame akakusanya bendi katika hao hao: wapiga fidla wawili, mmoja karani na mmoja wa forodhani, mpiga ngoma ya dumbak aliyeuza vipuri vya magari, na mpiga akodiani, mtu mnene mwenye cheo wizarani, aliyekuwa akija na gari ya serikali na kuificha mtaa wa pili. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema asiyecheza kwao hufanywa nini. Hilo tulikuja kulijua sisi.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya ukarimu. Mama alisema mgeni wa heshima hawezi kuweka ala yake chumba cha nje pamoja na mitungi ya gesi, kwa hiyo ganuni ikapewa majlisi, chumba cha kupokelea wageni, chenye zulia jipya na kiyoyozi kikubwa kuliko vyote. Kiyoyozi hicho hakikuzimwa usiku wala mchana. Ilikuwa fahari yetu. Mgeni akiingia anapiga chafya, nasi tunafurahi. Lakini mazoezi hayakuweza kufanyika majlisini, maana bendi nzima ilivuta sigara, kwa hiyo Ami Shaame alikuwa anaipatanisha ganuni ndani ya baridi, ti, ti, ti, saa nzima, halafu anaibeba kuipeleka barazani kwenye joto. Na joto la Maskati la mwezi wa sita lina maji ndani yake, linakulamba uso. Daraja la nyuzi za ganuni limekalia ngozi nyembamba. Ngozi ikipata joto lenye maji inalegea, daraja linadidimia, nyuzi nazo zinalegea kama mtu aliyeamka usingizi wa mchana. Wimbo wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikuwa na mashaka. Wa tatu, akodiani iko mahali pake, maana akodiani haisikii joto wala baridi, na ganuni iko chini yake kwa upana wa unywele, na unywele huo ndio unaomfanya mtu akunje uso bila kujua kwa nini. Ami Shaame akawa anadhani ni masikio yake. Nilimuona siku moja amejitia mafuta ya nazi ya moto sikioni, amelaza kichwa juu ya meza kama mtoto.

Harusi mbili zilipita hivyo. Ya tatu ilikuwa ya binti wa Bi Thuraya. Bi Thuraya alikuwa mjane wa Khuwair mwenye dhahabu nyingi na ulimi mwingi zaidi, na katika mambo ya harusi neno lake lilikuwa sheria ya mji. Akisema wali ulikuwa na chumvi, ulikuwa na chumvi hata kama hukuula. Alikuja nyumbani kwetu mchana, akakaa, akakataa kahawa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Maalim Shaame, masikio yako umeyaacha Unguja au yamekamatwa uwanja wa ndege?" Wanawake wakacheka. Ami Shaame akacheka nao, na kile kicheko chake kilinichoma mimi. Kisha Bi Thuraya akasema, "Nna binti mmoja tu. Ukimharibia, namleta kijana wa Dubai na kinanda chake cha umeme. Kile hakiumwi." Alipoondoka, Ami Shaame aliingia chumbani kwake, akateremsha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati, akaliweka kando ya mlango. Baba alipomuuliza alijibu, "Hino ndiyo ya mwisho, Sefu. Ikiharibika narudi Kizimkazi nikawapigie pweza. Pweza hawana masikio." Baba hakucheka. Siku kumi zilibaki.

Sasa sikiliza nilivyolijua nililolijua. Ijumaa moja umeme ulikatika. Tulirudi msikitini tukakuta nyumba imekuwa tanuri, majlisi sawa na baraza, baraza sawa na jiko. Ami Shaame, kwa mazoea tu, akapatanisha ganuni mle mle majlisini akaanza kupiga, na akapiga saa mbili nzima bila kugusa ufunguo. Nilikuwa nimelala sakafuni nikitafuta ubaridi wa vigae. Nikainuka nikakaa. Umeme ukarudi, kiyoyozi kikanguruma, na haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, nyuzi zikaanza kupanda. Usiku huo wakati wa kula nikasema mbele ya wote, "Ganuni haiumwi. Kinachoiumiza ni kile chumba." Kaka yangu mkubwa akapiga meza kwa kicheko. Baba akasema, "Wewe saba mara nane hujui, leo umekuwa mganga wa ganuni?" Dada yangu akaongeza kwamba labda niipeleke hospitali, nikaibebee na kadi. Nilitaka kulia, lakini Ami Shaame alikuwa ameacha kutafuna. Akaniangalia na tonge mkononi. "Sema tena," akasema. "Pole pole." Nikasema tena. Nikasema baridi inaipandisha, joto linaishusha, na kila siku tunaipandisha kisha tunaishusha, halafu tunamlaumu aliyeibeba. Hakunisifu. Alinawa mikono, akaibeba ganuni, akaitoa majlisini akaiweka ukumbini penye hewa ya wastani, na kwa siku tatu akaiacha pale na kuipima. Siku ya tatu akaniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani kwetu isipokuwa kwa kupigwa. "Nasoro bin Sefu," akasema, "masikio yangu ni mazima." Macho yake yalikuwa na maji.

Lakini bado kulikuwa na kitu. Tangu ilipokuwa majlisini, kila Ijumaa asubuhi ganuni ilikuwa inaamka imepanda upande mmoja, upande wa daraja tu. Nikaweka zamu. Alhamisi baada ya magharibi nikamuona Bibi yangu, Bi Zuwena, mama yake Baba, anapenya ukumbini na chetezo cha makaa, ananyanyua kanga, anaifukiza ganuni bukhuri kwa chini, huku anasoma kimoyomoyo. Moshi na joto la makaa vinapiga moja kwa moja kwenye ngozi. Nikamwambia, "Bibi, unaikausha!" Akashtuka, kisha akakasirika kwa kushtuliwa. "Bi harusi hafukizwi?" akaniuliza. "Bwana harusi hafukizwi? Na hiki kinachokwenda harusi kila wiki, na macho ya watu yalivyo mabaya, kiende hivi hivi na harufu ya sigara?" Kule kwetu hakuna mtu aliyewahi kushinda ubishi na Bibi. Nilikuwa mjanja. Nikamwambia macho mabaya yako kwenye ukumbi wa harusi siyo kwetu, bora afukize mlango wa ukumbi huo siku yenyewe. Akaliona neno langu lina akili. Penye wazee haliharibiki neno, lakini lazima awepo mtoto wa kuligeuza kidogo.

Ukumbi wa harusi ulikuwa na mitambo mikubwa ya baridi juu ya dari, na mlinzi wa mitambo hiyo alikuwa Mhindi wa Kimalayali aitwaye Rajani, mtu wa masharubu, aliyezungumza Kiarabu cha kazini. Nilimfuata siku mbili kabla. Nikamwambia nataka baridi ambayo haitabadilika kuanzia asubuhi mpaka bi harusi aondoke. Alinicheka, halafu akanieleza jambo ambalo mpaka leo ndilo msingi wa biashara yangu. Alisema kila mtu ni jiko dogo. Ukumbi mtupu ni kitu kimoja, ukumbi uliojaa ni kitu kingine. Ukingoja watu waingie ndipo upoze, umechelewa. Basi tukakubaliana: atapoza mapema, na swichi ya kuzungusha iliyoko ukutani karibu na pazia nitaikalia mimi. Asubuhi ya harusi tukaipeleka ganuni, tukaiweka pale pale itakapopigwa, nikakaa nayo mpaka alasiri, nimevaa kanzu yangu ya Idi na fulana mbili ndani yake. Ami Shaame aliipatanisha mara moja, akangoja, akaipatanisha tena. Akashusha mikono. "Imekaa," akasema.

Akina mama walianza kuingia baada ya alasiri. Bendi ilikuwa nyuma ya pazia, kama desturi yetu ilivyokuwa, wanaume wasikie lakini wasione, na mimi kwa kimo changu niliruhusiwa pande zote mbili. Wimbo wa kwanza ulipita ganuni ikitiririka kama shanga zilizokatika uzi juu ya sinia. Wa pili ukapita. Nami nilikuwa vitani. Wasichana wa dhahabu na wanja walikuja mmoja baada ya mmoja kutaka baridi iongezwe, wanja unayeyuka. Nikawaambia imeharibika. Bi Thuraya mwenyewe akaja, anajipepea kwa kiganja. "Wee mtoto, zungusha hicho." Nikasema, "Mama, nikizungusha inazimika kabisa, Mhindi kasema." Akanitazama sana. "Mwongo kama baba yako," akasema, akaenda zake. Nilijiona nimeshinda Maskati nzima. Na hapo, wimbo wa tatu ukiwa ndio unaanza, ule mrefu, ule uliosubiriwa, wa kumtoa bi harusi, nikahisi mkono mkavu begani. Bibi. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. "Mwanangu," akasema, "baridi inanitafuna mifupa. Zima."

Nilijiandaa kwa wote isipokuwa huyo. Ningemwambia nini? Ningesema imeharibika, naye amenilea mgongoni? Nilitazama pazia, nikatazama miguu yake iliyokuwa inatetemeka ndani ya soksi, nikazungusha swichi. Mitambo ikakata ngurumo. Majiko yale madogo yote, yamevaa hariri, yamejaa ukumbi ukuta kwa ukuta, yakaanza kazi yake. Milango ikafunguliwa bi harusi apite, na joto la nje lenye maji likaingia naye. Nilikimbilia nyuma ya pazia. Nilifika wakati mpiga akodiani ameshatoa macho, maana alishausikia ule unywele. Wimbo haujafika hata nusu. Ganuni inashuka, nami najua inashuka, na ndani ya bendi nzima hakuna wa kusimamisha kitu, kwa sababu bi harusi anatembea, na bi harusi akitembea ngoma haisimami hata nyumba ikiungua.

Ami Shaame hakugusa ufunguo. Aliutoa mkono wake wa kushoto kwenye mapigo, akaupeleka upande wa vijiti, akakandamiza nyuzi kwa ukucha wa kidole gumba. Kila uzi aliotaka kuupiga kwa mkono wa kulia, gumba lilishatangulia kuubana, likaupandisha kile kiasi kilichopotea, likauacha, likaruka wa pili. Mkono mmoja ukawa unapiga kazi ya miwili, na kidole kimoja kinasahihisha hewa ya ukumbi mzima. Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nimekiona kimoja kinavunja. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Jasho lilikuwa linadondoka kutoka kidevuni na yeye anageuza shingo lisiangukie ngozi. Mpiga fidla, yule karani, alisahau kupiga mistari miwili kwa kumwangalia. Upande wa pili wa pazia hakuna aliyejua. Vigelegele vilipanda, mwimbaji akarudia ubeti kwa raha zake, akaurudia tena, nami kila aliporudia nikauma kanzu yangu. Ulipokwisha, pazia likafunuliwa kidogo na kikatokea kichwa cha Bi Thuraya, wanja wote umemshuka mashavuni kwa kilio. Akasema, "Maalim, nna wapwa zangu wawili wanaolewa baada ya Ramadhani. Usichukue kazi ya mtu." Kikatoweka.

Nilimfuata Ami Shaame alipokaa kwenye ngazi za nyuma. Ukucha ulikuwa umepasuka mpaka kwenye nyama, anaufunga kwa kitambaa. Nikamwambia huku nalia, "Ami, ni mimi. Nimezima mimi." Akauliza, "Nani kakwambia uzime?" Nikasema, "Bibi. Aliona baridi." Akacheka, kile kicheko chake cha kweli ambacho tangu aje Maskati sikuwa nimekisikia. "Ah, kwa Bi Zuwena," akasema, "ningezima na mimi." Kesho yake nilipopita chumbani kwake sanduku lilikuwa limerudi juu ya kabati, na hakulishusha tena. Alikaa nasi mpaka alipooa, akapanga nyumba mtaa wa nyuma, akafundisha watoto wa Khuwair ganuni na fidla, mabinti na wavulana, na Kiarabu chake kikabaki kibovu. Zipo nyimbo leo zinaimbwa harusini na vijana wasiojua Unguja iko upande gani, wanadhani ni za hapa hapa tangu zamani. Ni zake. Alifia hapa, tukamzika hapa, na waliobeba jeneza niliwahesabu nikachoka.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii nikiikomesha kwenye swichi niliyoilinda. Nilisema ni mimi niliyemweka Ami Shaame Maskati, na si uongo. Asingelijua habari ya hewa, angeliondoka na masikio mazima akidhani yamekufa. Nilijua nisichofundishwa, nikawashinda wakubwa wangu, na mpaka leo sijaona sababu ya kunyenyekea juu ya jambo hilo. Lakini nusu ya habari ilikuwa yake, ya lile gumba, na umri umenifanya niitaje. Siku hizi baridi ninayoiuza haiyumbi hata kwa nukta. Mtu anaiamrisha kwa simu akiwa kazini, na vijana wa muziki wana kijisanduku chenye taa kinachowaambia uzi umefika au haujafika. Kazi yangu imekuwa bora kuliko ile ya Rajani mara nyingi, nalisema kifua mbele. Na kwa ubora huo huo nimewaondolea vijana haja ya kuwa na gumba kama lile. Sijutii, maana ndiyo maendeleo. Ila naijua thamani ya kilichoondoka, maana nilikiona kikitoka damu. Kwa hiyo vijana wangu wa Ghala wana sheria moja ambayo haimo katika mkataba wowote, nao huicheka mpaka siku wanapoikuta nyumbani kwa mteja. Mwenye nyumba atapiga kelele anataka baridi, wageni watapiga kelele, bosi atapiga simu. Lakini akiwepo mzee chumbani, akasema anasikia baridi, zima kwanza. Kinachobaki ni kazi ya fundi.